Kivoi wa Mwendwa: Mlumbi wa Kitui Aliyesimuliwa na Wengine

Miongozo mingi hueleza ulumbi kwa mistari miwili: kwamba ni ustadi wa kuzungumza mbele ya watu kwa ufasaha na mvuto, na kwamba mlumbi huhitaji kuwa jasiri na kuielewa hadhira yake. Kisha mwongozo unageuza ukurasa na kuingia katika misimu au lakabu. Ukiulizwa swali la ulumbi katika karatasi ya tatu, unaandika hoja ulizokariri na kuomba Mungu. Hapa tutachukua njia nyingine. Tutamfuata mlumbi mmoja aliyeishi kweli, tuone ulimi wake ulimfikisha wapi, na wapi ulimi huo ulikwama.

Jina lake ni Kivoi wa Mwendwa. Ikiwa unasomea Kitui au Makueni, huenda umelisikia kutoka kwa babu au nyanya. Ikiwa unasomea kwingine, basi mjue kama mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyeishi Kitui katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa na kuuawa mwaka wa 1851 karibu na mto Tana. Husemwa kuwa alizaliwa katika miaka ya 1780. Hakwenda shule, na hakuacha hata barua moja. Shika jambo hilo, kwa sababu tutalirudia.

Tuanze na nchi yenyewe. Katika visasili vya Wakamba, mume na mke wa kwanza waliteremshwa na Mulungu juu ya mwamba wa Nzaui, ulioko leo katika Kaunti ya Makueni. Historia nayo husema kwamba Wakamba walikaa kwanza katika milima ya Mbooni, iliyo pia Makueni, ambako kulikuwa na maji na rutuba, kisha watu walipoongezeka wakaanza kutawanyika. Waliovuka mto Athi wakaelekea mashariki ndio waliofanya Kitui kuwa kwao. Huko walikuta ardhi kavu, mvua za kusuasua, na ndovu wengi. Mvua ikikosa miaka miwili mfululizo, hapakuwa na budi mtu atoke akatafute chakula kwa majirani, akiwa na chochote anachoweza kubadilishana: ngozi, sumu ya mishale, mkufu wa shaba uliosukwa kwa ufundi. Safari hizo za njaa ndizo zilizowafundisha watu wa Kitui njia. Baadaye njia hizo hizo zikapitishiwa pembe.

Sasa zingatia jambo moja la kijamii, kwa maana bila hilo hutamwelewa Kivoi. Wakamba hawakuwa na mfalme. Mambo ya utui, yaani kijiji na ujirani wake, yaliamuliwa na wazee barazani, na kila mmoja alikuwa na haki ya kupinga. Je, katika jamii kama hiyo mtu alikuwaje mkubwa? Mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyefika huko mwaka wa 1849, aliandika sababu nne: mali, ufasaha wa ulimi, umbo la kuheshimika, na sifa ya uganga na kuleta mvua. Soma orodha hiyo tena. Kwa kuzaliwa tu hukupata chochote. Ufasaha umetajwa sambamba na mali, na nadhani kwa mfanyabiashara vitu hivyo viwili havikuwa mbalimbali hata kidogo. Kivoi alikuwa na mali, wake, watumwa na wafuasi wengi, lakini hakuwa na askari wa kumlazimisha jirani yake kubeba pembe hadi pwani. Ilibidi amshawishi. Kila msafara ulianza kwa maneno.

Fikiria basi msafara huo. Krapf anasema misafara ya Wakamba ilikuwa na watu 200 hadi 300. Ilitoka Kitui, ikafuata uwanda wa Yatta na Kikumbulyu, upande wa Kibwezi ya leo, ikapita nchi ya Wataita na nyika isiyo na maji, hadi kwa Wamijikenda walioishi nyuma ya Mombasa. Kutoka hapo pembe ziliingia mikononi mwa Waswahili na Waarabu, zikapelekwa Unguja, na kutoka Unguja zikaenda India, Ulaya na Marekani, ambako ziligeuzwa bangili, vitana na vibonyezo vya piano. Msafara ulirudi na shanga, nyaya za shaba, chumvi, na ule ushi wa pamba uliokuja kuitwa merikani kwa kuwa ulitoka huko. Upande wa pili, Kivoi alinunua pembe kaskazini, ng'ambo ya Tana, kwa Waembu na majirani zao wa Mlima Kenya.

Hesabu lugha zilizomo katika njia hiyo. Kiembu, Kikamba, Kitaita, Kirabai, Kiswahili. Hizi ni lugha za Kibantu, na anayejua moja hudhani anaisikia nyingine, mpaka anunue kitu asichokitaka. Hata Kikamba chenyewe si kimoja. Wewe wa Kitui na mwenzako wa Makueni mnajua jinsi mnavyochekana kwa namna mnavyotamka neno lile lile. Maneno yaliposhindwa kutosha, wafanyabiashara wa enzi hizo walitumia undugu wa damu: wawili wakichanjiana, mmoja wa jamii hii na mwingine wa ile, kila mmoja alikuwa na nyumba ya kulala kwa mwenzake na mtu wa kumtetea. Ahadi iliwekwa mwilini kwa sababu ulimi peke yake haukuaminika.

Mkamba wa wakati huo alikuwa nani hasa? Swali hili si rahisi kama linavyofanywa kuwa leo. Katika miaka ya 1830 njaa ilizitoa familia nyingi Ukambani zikahamia karibu na Rabai na Duruma, zikabaki huko, zikazaa na kuoana na wenyeji. Watoto wao walizungumza lugha za pande zote mbili. Biashara ya Kivoi iliwategemea watu wa namna hiyo, walio na mguu mmoja huku na mmoja kule. Ikiwa umesoma Chozi la Heri la Assumpta Matei, unakumbuka jinsi Ridhaa alivyotengwa na watoto wenzake shuleni kwa sababu wazazi wake walitoka kwingine. Linganisha hilo na karne ya Kivoi. Chuki zilikuwepo, na vita na wizi wa mifugo vilikuwepo, tusiipake rangi. Ila mtu wa makabila mawili alikuwa na thamani iliyo wazi: bila yeye, pembe haziuziki.

Ni katika makutano hayo ambapo Krapf anaingia. Alizaliwa mwaka wa 1810 huko Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima. Alitumwa na chama cha wamisionari wa Kiingereza, akafanya kazi Ethiopia, akafukuzwa huko, akafika Unguja na Mombasa mwaka wa 1844. Miezi michache baadaye mke wake Rosine na mtoto wao mchanga wakafa kwa homa. Mwaka huo huo wa msiba alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka wa 1846, akiwa na mwenzake Johannes Rebmann, alianzisha kituo Rabai. Krapf alikusanya maneno kama wengine wanavyokusanya pembe. Mwaka wa 1850 vilichapishwa sarufi yake ya Kiswahili, msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwemo, na tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba. Kikamba hicho alijifunza kwa Wakamba wa pwani, wale waliohamishwa na njaa.

Kwa hiyo walipokutana, walikutana watu wawili walioishi kwa maneno. Mmoja aliyasema na kuyaacha yaende. Mwingine aliyanasa katika daftari.

Krapf aliondoka Rabai tarehe 1 Novemba 1849, akapita Taita, akavuka mto Tsavo, akafika Kikumbulyu, ambako alikuta vijiji vya kwanza vya Wakamba, kisha akavuka Athi na kupanda Yatta. Alifika kwa Kivoi tarehe 26. Alikuwa na nia ya kueneza dini yake na kutafuta njia ya kufika kwa Waoromo, waliokuwa ndoto yake tangu Ethiopia. Kivoi alikuwa na nia ya pembe. Alimtembeza mgeni wake vijijini na kumwonyesha kwa watu kwa fahari, na hapo ndipo unapouona ulumbi ukifanya kazi: mgeni mweupe aliyefika kutoka pwani aligeuzwa kuwa ushahidi wa ukubwa wa mwenyeji wake. Krapf alidhani anapata nafasi ya kuhubiri. Kivoi alikuwa amekwisha kumtumia kama kielelezo katika hotuba yake mwenyewe. Kila mmoja alimwelewa mwenzake vya kutosha kuendelea na safari, na hakuna aliyemwelewa mwenzake kabisa.

Tufike sasa kwenye mlima, na hapa ningependa tukae kidogo.

Kivoi alikuwa amekwisha kumwambia Krapf kwamba upande wa kaskazini magharibi kuna mlima mkubwa wenye weupe kileleni. Huko Kitui, Krapf alizungumza pia na mfanyabiashara kutoka Uembu aitwaye Rumu wa Kikandi. Huyu alieleza kwamba amefika mlimani mara nyingi lakini hajapanda mbali, kwa kuwa juu kuna kitu cheupe chenye baridi kali, na kitu hicho hutoa maji yasiyokoma yanayoteremka na kuwa mto. Kitu hicho alikiita, kama Krapf alivyolisikia neno, kirira. Mwaka mmoja nyuma, Mei 1848, Rebmann alikuwa ameuona weupe wa Kilimanjaro, na kiongozi wake wa njia alipoulizwa ni nini, alijibu kuwa ni baridi.

Tazama wanavyofanya watu hawa. Wana kitu mbele ya macho ambacho lugha zao hazijawahi kukihitaji kila siku. Mmoja anakiita kwa athari yake mwilini: baridi. Mwingine anakitaja kwa neno linalokaribiana na ira, ile chokaa nyeupe inayopakwa mwilini katika sherehe, linalojulikana katika lugha za mlimani. Hawakosi ujuzi, Rumu alijua kwamba weupe ule ndio chanzo cha maji ya mto, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Wanachokosa ni neno, na mahali neno linapokosekana, mtu huazima picha. Mwalimu wako ameshakufundisha jina la tendo hilo: ni sitiari. Tumezoea kuihesabu sitiari kama pambo, kitu cha kutafutwa katika ubeti na kupigiwa mstari. Hapa unaiona ikifanya kazi ya kutwa. Usisahau kwamba Kiswahili nacho, chenye theluji na barafu, kiliazima: neno la kwanza ni la Kiarabu, la pili ni la Kiajemi.

Jina la mlima lina kisa cha namna hiyo hiyo. Kwa Kikamba ni Kĩĩnyaa. Wengi hulieleza kwa mbuni, ambaye kwa Kikamba ni nyaa, kwa sababu dume la mbuni ni jeusi lenye manyoya meupe, na mlima nao ni mwamba mweusi uliotiwa mabaka ya weupe. Wakikuyu husema Kĩrĩnyaga, Waembu wana matamshi yao yanayokaribiana na hayo, na Wamaasai nao huuita kwa mabaka yake, Ol Doinyo Keri. Jamii nne zikautazama mlima mmoja kutoka pande nne, na tatu kati ya hizo majina yao ni kama ndugu. Krapf aliyasikia majina haya na kuyaandika kwa herufi za Kijerumani na Kiingereza: mara Kegnia, mara Kenia. Irabu za Kikamba ni saba, naye alikuwa na herufi tano. Lile ĩ lililo kati ya i na e halikuwa na mahali pa kukaa, likageuka e. Tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalipotawanyika, aliuona mwenyewe kutoka Kitui, umbali wa yapata kilomita 150: ukuta mkubwa wenye pembe mbili juu yake.

Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikana kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta, akawadhihaki wamisionari waliodai kuiona. Hakuwahi kukanyaga nchi hizi. Miaka zaidi ya thelathini ilipita kabla ya Joseph Thomson kuuona mlima huo kwa karibu mwaka wa 1883, na mwaka wa 1899 Halford Mackinder akafika kileleni. Mwaka wa 1920 Waingereza waliibadilisha nchi nzima jina wakaiita Kenya. Kwa hiyo neno unaloandika juu ya karatasi yako ya mtihani lilitoka midomoni mwa Wakamba wa Kitui, likapita sikio la Mjerumani, likaingia katika ramani za Waingereza, likarudi kwetu likiwa limepoteza irabu. Wazee wa Kitui wangali wanatamka Kĩĩnyaa, na hawajakosea.

Krapf alirudi Rabai mwezi huo wa Desemba. Kivoi alikuwa amemwahidi kumpeleka hadi Tana.

Safari ya pili ilianza Julai 1851. Krapf alitaka kujenga kituo Yatta, akachukua wapagazi wa Kimijikenda. Haikufaulu. Kibanda kilichojengwa kilikuwa duni, wapagazi wakarudi kwao, naye akabaki na watu ambao hawakuona sababu ya kumsikiliza. Akaenda kwa Kivoi kumkumbusha ile ahadi. Mwishoni mwa Agosti Kivoi alitoka na kundi la wafuasi kuelekea Tana, mmoja akitafuta pembe, mwingine akitaka kujua kama meli zinaweza kupanda mto huo.

Tarehe 27 Agosti, wakiwa karibu kabisa na mto, walivamiwa na kundi kubwa la wanyang'anyi. Krapf alifyatua bunduki yake hewani. Hakutaka kuua mtu. Wengi wa msafara walikimbia. Kivoi aliuawa pamoja na waliobaki karibu naye. Mtu aliyejenga maisha yake juu ya kuzungumza na wageni alikufa mbele ya watu ambao hawakuja kuzungumza. Sijui kama kuna njia ya kulisema hilo kwa maneno mazuri, na sidhani inafaa.

Krapf alijikuta peke yake porini. Alishuka mtoni kwa kiu, akanywa, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu alijaza maji katika mkoba wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani na kipande cha suruali. Alitembea usiku na kujificha mchana, akitafuna majani. Alipofika hatimaye kwa jamaa za Kivoi, hakupokelewa kama mtu aliyenusurika. Aliulizwa kwa nini yeye yu hai na Kivoi amekufa. Kwa desturi ya pale, aliyesafiri na mkubwa alipaswa kumlinda au kufa naye. Walimshuku kwamba alimroga.

Lisome tukio hili kama unavyosoma tamthilia. Krapf alikijua Kikamba. Alikuwa ametafsiri injili nzima kwa lugha hiyo. Aliweza kueleza kila kilichotokea, neno kwa neno, na bado hakuaminika, kwa sababu swali aliloulizwa halikuwa la lugha. Lilihusu wajibu: mtu ni wa nani, na anafia nani. Jibu la swali hilo hulipati katika kamusi. Kivoi angekuwa upande ule, angejua hotuba ya kutoa barazani, fidia ya kuahidi na wazee wa kuwatanguliza. Krapf hakujua. Alitoroka usiku, akatangatanga, akafanikiwa kurudi Rabai mwezi wa Septemba. Hakurejea Kitui tena. Aliondoka pwani mwaka wa 1853, akarudi mara moja mwaka wa 1862 kuwasaidia Wamethodisti, akafariki Kornthal, Ujerumani, Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka uliofuata. Biashara ya pembe nayo iligeuka: kuanzia miaka ya 1860 misafara ya Waarabu na Waswahili ilianza kuingia bara yenyewe, na Wakamba wakapoteza nafasi yao ya kati.

Turudi sasa kwenye lile jambo nililokuomba ulishike. Kivoi hakuandika. Karibu kila kitu tulichokisoma hapa juu kimetoka katika shajara za Krapf, zilizochapishwa kama kitabu kwa Kijerumani mwaka wa 1858 na kwa Kiingereza mwaka wa 1860. Kivoi alizungumza Kikamba, Krapf akasikia kwa sikio la mgeni, akaandika usiku akiwa amechoka, kwa lugha nyingine, mhariri akapunguza, mfasiri akatafsiri, nami nimekueleza kwa Kiswahili. Hotuba zake zimekuja kwetu kama maji yaliyobebwa kwenye mtutu wa bunduki: ni maji, yanaokoa, ila yana ladha ya baruti.

Ndiyo maana katika kisa hiki sikukuwekea hata sentensi moja iliyodaiwa kuwa ya Kivoi. Ingekuwa ya Krapf iliyovaa shuka la Kivoi.

Upande wa pili kuna masimulizi ya Wakamba wenyewe. Huko Kivoi ni shujaa wa kisakale, mwenye uganga, mwenye mali isiyohesabika, mtu anayejua yajayo. Anasimuliwa karibu na Syokimau, yule mwanamke mtabiri anayesemekana kuliona joka refu likitoka baharini, yaani reli, kabla ya kujengwa. Mwanafunzi wa historia huenda akasema masimulizi hayo yametiwa chumvi. Yametiwa. Lakini fanani anayemsimulia Kivoi Mwingi au Mutomo anayo silaha ambayo Krapf hakuwa nayo: sauti. Anaweza kupandisha na kushusha kiimbo, kunyamaza mahali panapohitaji kimya, kuiuliza hadhira swali na kungoja jibu. Ulumbi wa Kivoi ulikuwa umo humo, katika kiimbo na kimya. Krapf alihifadhi tarehe na majina. Mafanani walihifadhi namna ya kusema. Ukilazimika kuchagua kimoja utapoteza nusu ya mtu, na usikubali mtu akwambie kwamba nusu iliyoandikwa ndiyo ya kweli zaidi kwa sababu tu ina karatasi.

Swali la mtihani likija, hoja za kutumia zimo humu. Kuhusu sifa za mlumbi, unaweza kumtaja Kivoi na kueleza jinsi ufasaha ulivyokuwa msingi wa uongozi katika jamii isiyo na mfalme. Kuhusu udhaifu wa kuhifadhi fasihi simulizi kwa maandishi, una mfano wa Kĩĩnyaa na irabu yake iliyopotea, na wa hotuba zilizobaki bila kiimbo. Kuhusu uhusiano wa fasihi na historia, una kifo kimoja chenye masimulizi mawili. Usiyaandike yote katika swali moja. Chagua, kisha eleza kwa undani. Watahini husoma karatasi nyingi zenye hoja kumi zilizotajwa tu bila mfano.

Nyanjani je? Ikiwa utatumwa kukusanya fasihi simulizi likizoni, na nyumbani kwenu ni Kitui au Makueni, muulize mzee habari za Kivoi. Mwache aseme kwa Kikamba. Rekodi sauti kwanza, hata kwa simu ya kuazima, kabla ya kuandika chochote. Unapoandika, andika Kikamba chake kama kilivyo, ĩ na ũ zikiwa na alama zake, na uonyeshe mahali aliponyamaza. Mzee wa Kibwezi akitamka neno tofauti na wa Mwingi, andika yote mawili, usisahihishe lolote. Tafsiri ya Kiswahili iweke pembeni, katika safu yake. Na ukifika kwenye neno lisilotafsirika, usilifiche. Liache lilivyo, kisha mwombe mzee akueleze linafanana na nini.